Mshono Usiokuwa Wangu

Kila fundi ana mkono wake, na mkono wa fundi hausingiziwi. Mpe fundi wa kweli suruali kumi zilizoshonwa na watu kumi, atakuambia hii kashona mwenye haraka, hii kashona mvivu, na hii kashona mtu aliyetoka kugombana na mwenziwe asubuhi. Kwa hiyo Jumamosi ile, saa nne kasoro, Fundi alipoigeuza suruali ya kijivu ndani nje na kukuta mshono wa kiunoni umeshonwa na mkono usiokuwa wake, hakungoja kuambiwa na mtu. Moyo ulimlipuka pale pale.

Suruali ile aliikata yeye mwenyewe. Alimshonea mchumba wake, Daktari wa mifugo, mwaka juzi, na kama ilivyo kawaida ya kazi, aliacha akiba ya kitambaa kwenye mshono wa nyuma, inchi moja na nusu kila upande, kwa sababu viuno vya wanaume havina msimamo. Sasa akiba yote ilikuwa imefumuliwa na kumalizwa. Na huo mshono mpya! Wa mkono, si wa cherehani, uzi mweusi mgumu, na kila pigo la sindano lina fundo lake peke yake. Fundi gani duniani anafunga fundo kila pigo?

"Mama Vifungo," akaita, "hebu njoo uone maajabu."

Mama Vifungo alikuwa mwenzake wa dukani. Kazi yake ilikuwa kutoboa matundu na kushona vifungo, na kuchunguza mambo ya watu, hiyo ya pili akiifanya kwa kujitolea. Alikuja, akavaa miwani, akainama juu ya suruali.

"Huyu si fundi," akasema.

"Si fundi. Najua."

"Ni mwanamke anayejifunza. Mwanamume gani atakaa amfungie mwanamume mwenzake mafundo ishirini na mawili kiunoni? Hii kazi imefanywa kwa mapenzi, mdogo wangu."

"Usinitie wazimu."

"Mimi nasoma uzi tu. Hii imekujaje hapa?"

"Jana alileta koti, zipu imekufa. Suruali ilikuwa chini kabisa ndani ya begi alilolibebea. Nadhani alisahau."

"Njia ya mwongo fupi," akasema Mama Vifungo, akashusha miwani. "Sasa nikuambie jambo ambalo sikutaka kukuambia. Yeye kila Jumanne ya pili anakwambia anakwenda wapi?"

"Mashambani. Kuogesha ng'ombe."

"Basi hao ng'ombe wanakaa ghorofani. Jumanne iliyopita nilimwona kwa macho yangu akitoka kwenye lile jengo la geti la kijani, kashika bahasha ya karatasi. Mwanamke mmoja kavaa nyeupe alimsindikiza mpaka nje. Akamshika bega hivi." Akamshika Fundi bega, taratibu, kumwonyesha.

Masikini Fundi! Alikaa kwenye kiti chake cha cherehani, na yote aliyokuwa akijikataza kuyawaza kwa miezi mitatu yakaja kwa mkupuo.

Ni lazima nikueleze walivyokutana, la sivyo hutamwelewa. Miaka mitatu nyuma Daktari alifanyiwa upasuaji wa kupunguza tumbo. Alikuwa mnene wa kuhesabika, mwenye sukari inayopanda na magoti yanayolia, na madaktari walimkata tumbo la chakula wakambakishia sehemu ndogo tu. Akaanza kupungua, na nguo zikaanza kumkimbia. Ndipo alipofika kwenye duka la Fundi na rundo la suruali, kiuno inchi arobaini na sita. Baada ya wiki sita akarudi, arobaini na tatu. Akarudi tena, arobaini. Kila alipopungua alirudi, na kila aliporudi alikaa zaidi, mpaka ikawa anarudi hata kama hajapungua kitu. Kiuno kilipofika thelathini na nne aliomba waoane. Fundi alikubali kabla hajamaliza sentensi.

Sasa harusi imebaki wiki nne, na mwanamume huyu ameanza mambo. Akitaka kukumbatiwa, anaipandisha mikono ya Fundi mabegani, isishuke kiunoni. Akiulizwa lini atakuja kupimwa suti, anasema, "Tumia vipimo vya zamani, mpenzi, mimi ni yule yule." Na chakula je? Kwa Fundi anakula vijiko sita, anatafuna polepole kama alivyofundishwa hospitali, anasukuma sahani. Lakini mashavu yanajaa. Mtu halishwi na upepo. Kama kwako hali na mwili unaongezeka, basi kuna jiko jingine linalowaka mahali.

Hivyo ndivyo alivyokuwa akiwaza chini kwa chini, na kwa kuwa alikuwa fundi, wiki mbili nyuma alikuwa ameshatega mtego wa kifundi. Aliikata suti ya harusi kwa inchi thelathini na nne kamili, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya kazi hakuacha akiba hata ya upana wa kucha. Alijiambia, kama ni mkweli, itaingia. Kama si mkweli, nitamwona uso.

"Anakuja saa nne kuchukua koti," alimwambia Mama Vifungo. "Nenda kaninunulie uzi."

"Uzi upo tele."

"Kaninunulie mwingine!"

Mama Vifungo alitoka kwa shida, akageuka mara mbili.

Daktari aliingia saa nne na dakika tano, na mabuti yake ya mpira mkononi ili asichafue sakafu. Alikuwa na macho mekundu. Alitabasamu, na Fundi akajichukia, maana hata katika hasira ile tabasamu hilo lilimfikia palepale linapofikaga.

"Fundi wangu."

"Daktari. Pita nyuma ya pazia, suti ipo tayari."

Tabasamu likapungua. "Si ulisema Jumatano?"

"Nimewahi."

"Basi nifungie, nikaijaribu nyumbani kwa nafasi."

"Suti ya harusi haijaribiwi nyumbani. Tangu lini mgonjwa akajitibu mwenyewe, na daktari yupo?"

"Wagonjwa wangu wana pembe. Hawaulizi maswali mengi."

"Mimi nina ulimi. Pita."

Alipita. Fundi alisimama upande wa pili wa pazia akisikiliza. Alisikia mkanda ukifunguliwa, kitambaa kikivutwa, kisha kimya, kisha pumzi ya mtu anayebeba mzigo.

"Imeingia?"

"Inaingia."

"Inaingia au imeingia?"

Fundi hakungoja. Akalivuta pazia. Daktari alikuwa amesimama na suruali imegoma, pande mbili za zipu zimeachana upana wa vidole vinne, naye kazishika kwa mikono miwili kana kwamba anaona aibu kuziachia. Mikono ilikuwa ikitetemeka. Fundi aliiona, akadhani ni woga wa mwizi aliyekamatwa.

Aliuzungusha utepe wake wa kupimia kiunoni mwa Daktari. Kwa namna hiyo alimkaribia kuliko alivyomkaribia kwa wiki nyingi, paji la uso likagusa kifua chake, na alinusa sabuni na ile dawa ya mifugo isiyomtoka hata aoge vipi. Alitamani kubaki hapo. Nakwambia alitamani sana.

"Pumua."

"Ninapumua."

"Hupumui. Wewe ukipumua nakujua."

Akaachia pumzi. Utepe ukajaa.

"Thelathini na tisa," Fundi akasema. "Kwangu unakula vijiko sita. Nakutazama, nakuonea huruma, naficha sahani yangu nisikutamanishe. Inchi tano zimetoka wapi? Nani anakulisha?"

"Nani ananilisha?" Alionekana kweli hajaelewa.

"Usinirudishie swali!" Aliichukua suruali ya kijivu mezani, akaifunua mbele ya macho yake. "Na huu mshono ni wa nani? Mimi si mtoto. Mwanamke aliyekaa na suruali yako mapajani akafunga mafundo ishirini na mawili ni nani?"

Daktari aliutazama mshono. Kisha, jambo la ajabu, akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyechoka.

"Ni mimi."

"Wewe nani?"

"Mimi mwenyewe. Ndivyo tunavyoshona ngozi ya ng'ombe. Kila pigo na fundo lake, ili moja likikatika mengine yashike. Huo uzi nimeutoa kwenye begi la kazi."

Fundi aliuinua mshono puani. Ulinuka dawa. Haya, wivu una macho lakini hauna pua! Miaka mitatu anakaa na mtu anayeshona wanyama kwa ajili ya riziki, na halikumpitia akilini. Alihisi nafuu ikimshuka mwilini, lakini haikudumu, maana shaka ikishaingia haitoki kwa jibu moja.

"Kwa nini hukuniletea mimi? Fundi unaye, unajishonea gizani na uzi wa ng'ombe?"

"Niliona haya."

"Na kwenye geti la kijani unaona haya gani? Jumanne iliyopita. Mwanamke wa nyeupe kakushika bega."

Hapo kicheko kilikufa. Daktari aliiachia suti, akavaa suruali aliyokuja nayo, akakaa kwenye benchi la wateja. Akaingiza mkono mfuko wa ndani wa shati lake la kazi, akatoa pakiti ya vidonge, akaiweka juu ya meza ya kukatia.

"Yule ni muuguzi. Pale ni kliniki," alisema. "Ya watu wenye huzuni isiyokwisha. Naenda mwaka wa kwanza sasa unaisha."

Fundi aliitazama pakiti bila kuigusa. "Huzuni ya nini? Mbona ulikuwa unapungua, watu wote wanakupongeza?"

"Ndiyo hapo. Zamani nikisikia uzito moyoni, nilikula. Nakula mpaka unanyamaza. Waliponikata tumbo, uzito ule ukakosa pa kwenda. Siku moja nilifika shambani, nikazima gari, nikashindwa kushuka. Nilikaa pale saa tatu nzima, ng'ombe wa watu anazaa vibaya, mimi nalia ndani ya gari. Kesho yake vivyo hivyo. Siku ya tatu niliogopa mawazo yangu, nikaenda kujisalimisha."

"Mungu wangu," akasema Fundi.

"Hivi vidonge vilinirudisha. Nalala, nafanya kazi, nimeweza kukupenda bila kuigiza. Ila vina tabia yake, vinarudisha njaa, na mwili unashika kila ukipewacho. Usiku naamka nakula mkate mkavu kidogo kidogo, maana tumbo halibebi kingi. Kidogo kidogo hicho ndicho hizo inchi zako tano."

"Na waliokupasua wanasemaje?"

"Niliacha kwenda. Mara ya mwisho nilipanda kwenye mzani, mpimaji akaniuliza mbele za watu, 'Baba, umeanza tena?' Sikurudi. Na wale wa kliniki sikuwaambia kama nimewahi kupasuliwa tumbo."

"Yaani wa huku hawajui vidonge, na wa kule hawajui upasuaji? Wewe ni daktari mzima!"

"Wa ng'ombe," akasema. "Ng'ombe hafichi."

"Lakini mimi! Mimi ulinificha kwa nini? Mimi ni mpimaji wa mzani?"

Aliinua uso akamtazama, na Fundi alitamani asingeuliza.

"Unakumbuka ile siku ya kutambulishwa kwenu? Shangazi yako alisimulia habari za mchumba wa mdogo wako, jinsi alivyomfukuza. Akasema, 'Mimi sitoi mtoto wa ndugu yangu kwa mtu wa vidonge vya kichwa.' Meza nzima ikacheka." Akaitazama pakiti. "Na wewe ulicheka. Vidonge vilikuwa mfukoni mwangu."

Fundi aliirudisha suruali ya kijivu mezani. Alikumbuka. Hata kicheko chenyewe alikikumbuka, cha kumfurahisha Shangazi, kicheko cha mpwa aliyelelewa vizuri. Machozi yalimtoka bila kumuaga.

"Nisamehe," akasema. "Nilicheka kama mpumbavu."

"Sikukulaumu. Niliogopa tu." Alijaribu kuisukuma pakiti irudi mfukoni, mkono ukatetemeka tena, vidonge vikagonga meza. Safari hii Fundi aliutazama vizuri ule mkono.

"Unatetemeka nini?"

"Hakuna kitu."

"Daktari!"

"Nimeanza kuvigawa nusu. Wiki mbili sasa. Nilijua umekata suti kwa vipimo vya zamani. Nikasema nikipunguza dawa, hadi siku ya harusi nitakuwa nimeingia. Sijalala usiku wa nne huu, na yale mawazo ya kwenye gari yameanza kurudi."

Hapo ndipo Fundi alipoutambua mtego alioutega, na nani aliyenasa. Alikaa kwenye benchi, akauchukua mkono ule unaotetemeka akaubana katikati ya viganja vyake.

Mlango ukafunguliwa. Shangazi ndiye aliyemlea Fundi, na hapigagi hodi kwa mtu aliyemlea. Alikuja kujaribu gauni lake, mkoba kwapani, marashi yake yamemtangulia, na kabla hajasalimia jicho lake lilikwisha kutua mezani.

"Vidonge vya nani hivyo?"

Daktari alisimama kwa heshima. "Shikamoo, Shangazi. Hivyo ni vya..."

Fundi alijua neno linalofuata. Lilikuwa neno rahisi mno. Daktari wa mifugo hakosi dawa mfukoni, aseme ni vya ng'ombe, Shangazi avae gauni, na harusi iende kama ilivyopangwa. Aliliona hilo neno linakuja, akaliona maisha yao yote likikaa nao mezani kila mlo.

"Ni vyake," akasema Fundi. "Vya huzuni. Anavitumia kila siku, na vinamsaidia."

Shangazi aliichukua pakiti, akaisoma, akairudisha pale pale ilipokuwa. Fundi alitegemea makelele. Hayakuja.

"Nilijua kuna kitu," alisema polepole. "Nikasema ni mwanamke. Bora angekuwa mwanamke."

"Shangazi, tafadhali."

"Unajua mume wangu alikufa na nini? Hamjui, niliwaambia moyo. Miaka kumi na moja nilimfungulia pakiti za namna hii, mwaka wa kumi na mbili akasema amepona, akazitupa." Mdomo ulimcheza. "Nimekulea ili usiyaone niliyoyaona. Mwanangu, ukiingia kwa huyu, harusini mimi simo."

"Shangazi, kaa tuzungumze."

"Sikai." Alimgeukia Daktari. "Wewe ni kijana mzuri. Ndiyo maana naondoka sasa, kabla sijakuzoea zaidi."

Alitoka bila gauni. Dirishani walimwona akivuka barabara, mgongo umenyooka, mkono mmoja ukifuta uso.

"Mfuate," akasema Daktari. "Ndiye mama yako. Mimi nitaelewa."

"Unataka nimfuate?"

"Hapana."

"Basi usiniambie uongo mwingine leo, nimeshiba." Fundi alipenga kamasi kwa kipande cha bitana. "Na sikiliza. Mimi bado sijakuamini sawasawa. Mwaka mzima umenificha, nami ni mtu wa mashaka, umeshaona. Nitakuchunguza. Nitauliza mara mbili mbili, utachoka. Lakini kwanza piga simu."

"Kwa nani?"

"Namba iko nyuma ya pakiti. Mwambie huyo wa nyeupe umekuwa ukimeza nusu. Mwambie na tumbo. Mwambie yote, mbele yangu."

Alipiga. Simu ilitetemeka sikioni mwake mpaka Fundi akaichukua, akaiweka mezani kwa sauti ya juu. Sauti ya mwanamke mtu mzima ilipokea, tulivu, na Daktari akaanza kwa kusitasita, kisha yakafunguka: vidonge nusu nusu, usiku bila usingizi, upasuaji wa miaka mitatu nyuma, mzani, mkate wa usiku. Muuguzi hakumkatiza.

"Umefanya vizuri kupiga," alisema mwishowe. "Usipunguze tena mwenyewe, na usifidie kwa kumeza viwili. Leo meza kama ilivyoandikwa. Jumatatu asubuhi uje, daktari akuone. Zipo dawa nyingine zisizoongeza mwili hivyo, anaweza kukubadilishia taratibu, nasi tutazungumza na waliokupasua. Kuongezeka huko si ulafi wako, baba. Umenisikia? Na yale mawazo yakikujia tena kabla ya Jumatatu, njoo saa hiyo hiyo, usingoje."

"Nimesikia."

"Sasa lile swali langu la kila mara. Nyumbani yupo mtu anayejua?"

Daktari alimtazama Fundi. Kwa mwaka mzima alikuwa na jibu moja la swali hilo, na lilikuwa limemkaa mdomoni.

"Yupo," akasema. "Yuko hapa."

"Nipe niseme naye."

Fundi aliiinua simu, akaibana sikioni. Barabarani Shangazi alikuwa amekwisha potea.

"Haloo, dada," sauti ikasema. "Wewe ni nani wake?"

"Mke wake," akasema Fundi. "Sema polepole, naandika."